Ukitumiwa habari ya bakteria wanaotibu saratani ya mfupa

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo saa tatu usiku, siku mbili baada ya daktari kutuambia kwamba mguu wa mtoto utakatwa. Ulikuwa umeshapita kwenye simu za watu wengi kabla ya kufika kwetu. Ulisema wanasayansi wa Marekani wamebadilisha bakteria, wamemdunga mbwa mwenye saratani ya mfupa, na mbwa kapona. Chini yake kaka yangu aliandika mstari mmoja: "Dada, wewe mtu wa maabara. Tuisubiri hii?"

Mtoto ni wa kaka, mimi ni shangazi yake. Alikuwa na miaka 15, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba upande wa juu, uvimbe mgumu, ngozi imevutika hadi inang'aa. Kazi yangu ni kuotesha vimelea na kuvitambua. Kwa hiyo kaka aliponiuliza kuhusu bakteria aliamini jibu ninalo mfukoni, na sikuwa nalo. Ilinichukua siku tatu za kusoma usiku. Habari ilikuwa ya kweli. Jibu nililompa kaka lilikuwa: tusisubiri.

Mambo hayo mawili yanakaaje pamoja, ndiyo nataka kukueleza wewe ambaye ujumbe kama ule umekukuta na mgonjwa wako yuko chumba cha pili.

Jua kwanza ni bakteria yupi

Ujumbe wa simu husema "bakteria" kama vile bakteria ni mmoja. Ni sawa na mtu kukuambia amepona kwa mti. Mti gani? Tafuta jina. Ukikuta habari haina jina la bakteria, ifute, usipoteze usiku wako.

Yule wa mbwa wenye osteosarcoma, ndilo jina la kitaalamu la saratani hii ya mfupa, ni Listeria monocytogenes. Huyu namjua. Anaishi udongoni, anaingia kwenye maziwa mabichi, anazaliana hata ndani ya friji, na kwa mama mjamzito ni hatari kubwa. Chuoni mwalimu wetu alitupa sahani yenye damu ya kondoo aliyokuwa ameioteshea Listeria usiku kucha. Vitone vidogo vya kijivu, kama umande. Tukaona hakuna cha ajabu. Mwalimu akasema, kisukume pembeni kitone kimoja, utazame chini yake. Nikakisukuma. Chini yake damu ilikuwa imesafishika, mwanga unapita, pametoboka kiduara kidogo kisichozidi kitone chenyewe.

Kiduara kile ndicho kiini cha dawa hii, na nilipokielewa nilikaa kitako. Chembe nyekundu pale zimetobolewa na protini ya Listeria iitwayo listeriolisini. Chembe nyeupe za mwili wetu zinapommeza bakteria humfungia kwenye kifuko ili zimsage. Wengi husagika humo. Listeria hutoboa kifuko kwa listeriolisini, akatoka, akajikuta katikati ya chembe. Huko vipande vya protini zake huokotwa na kutundikwa juu ya ngozi ya chembe, mahali ambapo askari wa mwili hupita wakikagua. Askari wakishaiona sura hiyo, huanza kuisaka mwili mzima.

Mtafiti Yvonne Paterson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ndiye aliyeigeuza silaha hiyo. Kama Listeria anajua kupeleka protini mbele ya macho ya askari, basi tumbebeshe protini ya saratani. Kipande cha listeriolisini kikaungwa na kipande cha protini ya HER2, ileile ambayo wagonjwa wa saratani ya matiti huambiwa wapimwe. Baadhi ya saratani za mfupa nazo zina HER2. Chembe ikitundika mzigo huo, askari hufundishwa kuisaka saratani.

Bakteria mwenyewe aling'olewa meno kabla ya kupewa kazi. Kuna jeni inayomwezesha kuruka kutoka chembe moja hadi nyingine, wameitoa. Kuna jeni mbili za kutengeneza kiungo muhimu cha ukuta wake. Nazo wamezitoa, halafu jeni ya kuziba pengo hilo wakaiweka kwenye kipete kidogo cha DNA, kipete hichohicho kilichobeba ujumbe wa saratani. Mchukuzi akiutua mzigo, hawezi kujenga ukuta wake, anakufa. Nimefanya kazi na bakteria miaka mingi na sijawahi kuona wamefungiwa kazi kwa akili namna ile.

Kwa hiyo ukisikia "bakteria anakula saratani", kwa Listeria si hivyo. Yeye ni mwalimu wa askari. Anayekula kweli ni mwingine, Clostridium novyi, wa udongoni pia, ambaye hawezi kuishi penye oksijeni. Uvimbe mkubwa katikati yake huwa hauna hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walimtoa jeni ya sumu yake kali, wakawa wanadunga mbegu zake moja kwa moja kwenye uvimbe. Mwaka 2014 walitangaza matokeo ya mbwa 16 wenye uvimbe wa aina mbalimbali: 6 uvimbe ulipungua, na kati yao 3 ukatoweka kabisa. Katika ripoti hiyohiyo alikuwemo binadamu mmoja, mwanamke ambaye saratani ya misuli laini ilikuwa imemsambaa hadi begani. Alidungwa pale begani, akapata homa na maumivu makali, na picha zikaonyesha uvimbe umepungua ndani ya mfupa na kuuzunguka.

Na yuko Salmonella, ambaye aliponya panya vizuri sana. Mwaka 2002 alipojaribiwa kwa wagonjwa 25, karibu wote wa saratani ya ngozi ya melanoma, hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua. Neno "panya" ukiliona kwenye habari, lishike.

Wazo lenyewe si la jana

Mama yetu mzazi aliniuliza swali la maana kuliko yote: "Mdudu anatibuje mtu?" Nikamwonyesha kovu la BCG mkononi mwake. Ile chanjo ya kifua kikuu ni bakteria hai aliyedhoofishwa, na tangu mwaka 1976 inajulikana kwamba akiwekwa ndani ya kibofu cha mkojo husaidia kuzuia saratani ya juujuu ya kibofu isirudi. Hospitali zinaitumia mpaka leo.

Na kwa mifupa, hadithi inaanzia New York mwaka 1890. Binti wa miaka 17, Bessie Dashiell, alikuja kwa daktari kijana William Coley na mkono unaouma. Ilikuwa sarkoma, saratani ya mifupa au nyama laini. Mkono ukakatwa, na Januari 1891 akafariki, ugonjwa umeshasambaa. Coley hakutulia. Alipekua mafaili ya zamani ya hospitali akakuta mtu aliyekuwa na sarkoma shingoni, imekatwa ikarudi, ikakatwa ikarudi, kisha akaugua maambukizi makali ya ngozi yaletwayo na bakteria waitwao streptokoki, na uvimbe ukayeyuka. Coley akamtafuta mitaani hadi akampata, mzima. Ndipo akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria kwa makusudi. Wako waliopona na wako ambao maambukizi yenyewe yaliwaua, ndiyo maana baadaye akahamia kutumia bakteria waliokwisha kuuawa. Hakuwa na namna ya kumfunga bakteria kamba. Leo kamba ipo, ndiyo tofauti.

Uliza: aliingia lini?

Hapa ndipo nataka usimame. Katika habari yoyote ya tiba mpya, tafuta sentensi inayosema mgonjwa alikuwa ameshafanyiwa nini kabla. Kwenye ujumbe wa simu haipo kamwe. Kwenye utafiti wenyewe iko mwanzoni kabisa.

Mbwa wale wa Philadelphia walikuwa 18, chini ya Dkt. Nicola Mason wa shule ya tiba ya mifugo ya chuo kilekile cha Paterson, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kila mbwa alikuwa ameshaondolewa uvimbe kwa upasuaji, wengi kwa kukatwa mguu. Kila mbwa alikuwa ameshapewa dozi nne za kaboplatini, dawa ya tibakemikali. Baada ya hayo yote ndipo Listeria akaingia, dozi tatu kwa mshipa, kila baada ya wiki tatu. Hapakuwa na uvimbe wa mguu wa kuyeyusha. Kazi ya bakteria ilikuwa kuwaamsha askari wasake mabaki madogo yasiyoonekana, yale ambayo baadaye huota mapafuni.

Na kwa binadamu ilikuwa hivyohivyo. Listeria yuleyule wa mbwa, ambaye watafiti humwita chanjo, amejaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa kati ya miaka 12 na 39 ambao saratani ilirudi mapafuni, na wote walipaswa kwanza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa vivimbe vyote vya mapafu. Kisha dozi 16, moja kila wiki tatu, karibu mwaka mzima wa kwenda na kurudi.

Nilimwandikia kaka: "Hata huyo mbwa alikatwa mguu kwanza." Hakujibu usiku ule. Asubuhi alipiga simu, tukaongea muda mrefu, akalia, nami nikalia. Halafu akaniuliza siku ya upasuaji tunatakiwa tufike saa ngapi.

Namba usome mpaka mwisho

"Mbwa kapona" kwenye utafiti imeandikwa hivi: mbwa wale waliishi siku 956 kwa kipimo cha katikati, na wenzao waliotibiwa zamani kwa upasuaji na tibakemikali bila chanjo waliishi siku 423. Kipimo cha katikati maana yake nusu waliishi zaidi ya hapo, nusu pungufu. Siku 956 ni kama miaka miwili na miezi saba. Kwa mbwa ni umri mrefu, na mimi nilifurahi kweli niliposoma. Lakini walilinganishwa na mbwa wa zamani, hawakugawanywa kwa kura wakati mmoja, hawa wapate na hawa wakose. Wagonjwa wa zamani wanaweza kuwa walitofautiana kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa binadamu nako hakukuwa na kundi la kura. Takriban theluthi moja walimaliza mwaka bila ugonjwa kurudi, wakati kwa wagonjwa wa nyuma ilikuwa kama mmoja kwa watano. Ni hatua, tena katika ugonjwa ambao dawa zake kuu hazijabadilika tangu mimi nikiwa mtoto. Ila ukimwambia mzazi "kuna dawa inaponya", hizo namba hazisemi hivyo.

Kuhusu hatari, usimruhusu mtu akuambie kwamba bakteria aliyedhoofishwa hana madhara. Homa, baridi na kutapika baada ya dozi ni vya kawaida. Kubwa zaidi ni bakteria kubaki mwilini. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha kwa muda majaribio ya chanjo nyingine ya Listeria, ya saratani ya shingo ya kizazi, baada ya mgonjwa kupatikana na Listeria kwenye damu. Ndiyo sababu wagonjwa hupewa antibiotiki baada ya dozi na kufuatiliwa muda mrefu. Mwenye chuma mguuni aulize zaidi ya wengine, maana bakteria wakishajishika kwenye chuma hujifunika utando ambao antibiotiki haipenyi vizuri. Wagonjwa wengi wa saratani ya mfupa wana vyuma.

Na tafadhali, kuna anayeuza mtindi na chupa za "bakteria rafiki" kwa jina la utafiti huu. Kuna na niliyemsikia akishauri maziwa mabichi kwa vile Listeria yumo. Listeria wa maziwa mabichi ana meno yake yote. Mgonjwa aliyetoka kwenye tibakemikali ana askari wachache, na huyo anaweza kumuua.

Mambo ya kufanya wiki hii

Sisi tulipoteza miezi minne. Maumivu yalianza ya usiku, mtoto anaamka anashika goti, asubuhi anasema ni mpira. Kituo kimoja kilimpa vidonge vya maumivu mara tatu bila picha. Halafu mama mmoja wa jirani, mwenye nia njema, akamchua kwa mafuta ya moto majuma mawili. Eksirei ya kwanza ilipigwa mwezi wa nne, na mfupa wa paja karibu na goti ulikuwa umechanika kama miale ya jua.

Kijana anayekua, maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, yanayoendelea zaidi ya wiki mbili tatu, hasa karibu na goti au bega: dai eksirei. Usichue. Uvimbe usiojulikana hauchuliwi, haukandwi kwa moto, haufungwi vijiti.

Eksirei ikitia shaka, omba rufaa mapema kwenda hospitali yenye daktari bingwa wa mifupa na huduma ya saratani pamoja. Kwetu Tanzania ni kama Muhimbili na MOI, taasisi ya mifupa ya hapohapo, pamoja na Ocean Road, taasisi ya saratani, zote Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, na Bugando ya Mwanza. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kikatwe na daktari yuleyule atakayefanya upasuaji mkubwa, au kwa makubaliano naye, kwa sababu njia aliyopitia sindano au kisu ina mbegu za saratani na lazima iondolewe baadaye pamoja na uvimbe. Njia ikipita pabaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa.

Sasa nizungumze kama mtu wa maabara. Mara nyingi ndugu ndiye anayebeba kinyama kwenda maabara. Kikae ndani ya formalini, ile dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze, kizame chote, kisiwe kwenye maji wala spiriti. Kikopo kiandikwe jina kamili, tarehe, mfupa gani, upande gani. Jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe, usiliweke kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Picha ya eksirei ipelekwe pamoja nacho. Mtaalamu anayesoma kinyama cha mfupa bila kuona picha anasoma nusu ya habari. Na mfupa hauwezi kukatwa vipande vyembamba mpaka ulainishwe kwa asidi, hivyo majibu yake huchelewa kuliko ya nyama laini. Piga simu kila wiki. Huko si kusumbua.

Picha ya CT ya kifua isisahaulike, mapafu ndiko ugonjwa huu unakokimbilia. Tibakemikali kwa kawaida huanza kabla ya upasuaji, kama wiki 10, kisha huendelea baada yake. Mguu ukishakatwa au mfupa ukishatolewa, uliza swali hili na uandike jibu: ni asilimia ngapi ya saratani imekutwa imekufa? Asilimia 90 na zaidi ni habari njema.

Usiikatize tibakemikali kwa sababu ya tiba yoyote uliyoisoma. Bila tibakemikali, kabla ya miaka ya 1970, waliokatwa mguu peke yake waliopona hawakufika mmoja kwa watano. Nayo, kwa ugonjwa ambao haujasambaa na tiba ikakamilika, wanaopona ni kama sita au saba kwa kumi. Hakuna bakteria aliyekaribia hapo.

Kama bado unataka majaribio

Sina kinyongo na anayetafuta. Ugonjwa ukisharudi mapafuni, ningetafuta na mimi. Orodha ya majaribio iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, clinicaltrials.gov. Andika osteosarcoma na listeria, soma sehemu ya masharti: umri, hali ya mapafu, muda tangu upasuaji, vyuma mwilini. Angalia kama linapokea wagonjwa au limefungwa. Mpe daktari wako karatasi hiyo aandike yeye kwa watafiti. Barua ya daktari hujibiwa haraka kuliko ya ndugu. Uliza nani analipa nauli, malazi na matibabu ya madhara. Anayekudai pesa ya kununua nafasi kwenye jaribio si mtafiti, mkatie simu.

Kuna kitu kimoja kitakachoombwa popote utakapokwenda, na watu hukigundua kimeshapotea. Ili kipimwe, kinyama hugandishwa kwenye kipande cha nta, kama sabuni ndogo ya gesti, na kinachobaki baada ya vipimo hutunzwa humohumo. Tunakiita bloku. Humo ndimo HER2 au alama nyingine yoyote itakayovumbuliwa inaweza kupimwa hata miaka kadhaa baadaye. Nenda maabara, uliza namba ya bloku ya mgonjwa wako, uliza wanazihifadhi kwa muda gani, na namba hiyo iandike kwenye jalada la faili lake kwa kalamu isiyofutika.

Mtoto wetu sasa ana miaka 17. Anatembea kwa mguu wa bandia, na kila miezi mitatu anapigwa picha ya kifua. Faili lake ni la bluu. Namba ya bloku kaka ameiandika juu, chini ya jina. Bloku yenyewe iko kwenye kabati la maabara, droo ya tatu kutoka juu, na nikiwa zamu huifungua nikaiangalia.